Dole Gumba la Mama kwenye Jalada la Uwanja wa Mbio

Mwaka 2011 nilikuwa ofisa mdogo katika halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini, kwenye mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa za idara, kuzipanga kwenye makabrasha ya madiwani, na siku ya kikao kukaa pembeni ya ukumbi nikiandika muhtasari. Januari ya mwaka huo lilifika mezani kwangu ombi ambalo sikuwahi kuliona mfano wake: mfanyabiashara mmoja alitaka apewe ardhi ya kijiji kilichopakana na mji ili ajenge uwanja wa mbio za magari na pikipiki.

Wengi walilipokea ombi hilo kwa furaha, nami sikuwashangaa. Mkoa wa Iringa si mgeni wa mbio za magari, na hakuna mtoto wa kwetu ambaye hakuwahi kupanda mti ili ayaone magari yakipita kwenye barabara ya vumbi. Vijana wa bodaboda walikuwa wamezoea kushindana usiku kwenye barabara kuu, katikati ya malori yanayokwenda Zambia, na kila familia ilimjua kijana aliyevunjika au kufa kwa sababu hiyo. Madiwani nao waliwaza wageni, nyumba za kulala wageni na mapato ya ndani ambayo halmashauri yetu ilikuwa ikiyatafuta kwa tochi.

Tatizo lilikuwa mahali penyewe. Ramani iliyoambatanishwa ilionyesha uwanja ukiteremka hadi kwenye bonde la kijito, na bondeni humo ndimo vilimokuwa vinyungu vya akina mama wa kijiji. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kwa matuta wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa yamekauka, na mazao yake, yaani maharage, njegere, kabichi na mahindi ya kuchoma, hufika sokoni wakati bei ni nzuri. Mama yangu alikuwa na vinyungu vitatu hapo. Ada yangu ya sekondari yote ilitoka humo, kwa hiyo sikulishika jalada lile kama mtu asiyehusika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18. Ndiyo maana jalada lilipaswa kuwa na muhtasari wa mkutano huo pamoja na orodha ya mahudhurio. Vyote viwili vilikuwamo. Muhtasari ulikuwa wa kurasa mbili, na ulisema kwamba mwezi Desemba wananchi waliridhia kwa kauli moja bonde litolewe.

Nilikuwa nikihesabu kurasa za kupeleka kudurufu nilipoiona alama ya dole gumba la mama. Aliwahi kujikata kwa mundu tangu akiwa msichana, na kovu lile hupita mshazari katikati ya dole la kushoto, hivi kwamba kila anapobonyeza kwenye wino, alama yake hukatwa na mstari mweupe. Mstari huo ulikuwa hapo mbele yangu. Nilianza kuitazama karatasi yenyewe kwa makini. Ilikuwa nakala iliyodurufiwa, na juu, mahali pa kichwa cha habari, palikuwa na kivuli chembamba kilichonyooka, kama alama inayobaki kipande cha karatasi kinapowekwa juu ya maandishi ili kuyafunika. Upande wa kulia, baada ya safu ya saini, kulikuwa na safu nyingine isiyo na jina, na kila mstari wa safu hiyo ulikuwa umeandikwa tarakimu 3. Nilijiuliza kwa muda mrefu mkutano wa kujadili uwanja wa mbio ungempa kila mtu tatu ya kitu gani, hadi nilipokumbuka vocha. Katika mpango wa ruzuku ya pembejeo wa miaka ile, mkulima alipewa vocha tatu: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia na moja ya mbegu.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa akichambua maharage jikoni, nami nilimuuliza bila kumweleza chochote kwanza, kwa kuwa nilitaka jibu lake mwenyewe.

“Mwanangu, siku ile tuliitiwa vocha,” alisema. “Mvua ilitunyeshea tangu asubuhi pale ofisini. Nani angekaa azungumze habari za magari?”

Mkuu wangu wa kazi alinishauri niache, akisema kwamba sisi ni waandishi tu na kwamba wenye kuamua ni waheshimiwa. Ushauri wake haukunipa usingizi. Niliandika dokezo la kurasa mbili kwa Mkurugenzi, nikaeleza nilichokiona kwenye orodha, na katika aya ya kwanza kabisa nikatamka kwamba mama yangu analima katika bonde linalohusika, ili asije mtu akalifichua baadaye kama siri. Baada ya hapo nilisubiri wiki tatu ambazo sitazisahau, kwa sababu watu wawili niliokuwa nikinywa nao chai kila siku waliacha kunisalimia.

Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ilipokutana, mwombaji alikaribishwa kujieleza, na alizungumza vizuri. Alikumbusha kwamba mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na akauliza kwa nini urithi huo tuwaachie majirani. Mzee mmoja, diwani wa kata ya mlimani, aliomba nafasi akajibu kwamba mbio hizo zilipita kwenye barabara za watu wote na hazikumnyang'anya mtu shamba. Niliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa.

Kisha tulikwenda bondeni. Ofisa mazingira alivuta futi kamba kutoka ukingo wa kijito hadi kwenye kigingi cha kona ya uwanja, ikasomeka mita 22, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo hiyo, lazima niseme, ilikuwa ikitumika kuwahimiza akina mama wasogeze vinyungu vyao, na mheshimiwa diwani mmoja wa viti maalumu hakulifumbia macho jambo hilo. “Mheshimiwa Mwenyekiti,” alisema, akiwa amesimama kwenye tope, “mita hizi tumewasomea wenye majembe kila mwaka. Leo tuzisome na kwa mwenye magari.”

Mkurugenzi aliagiza daftari la mihutasari la kijiji liletwe pamoja na orodha halisi. Daftari halikuwa na mkutano wowote wa Desemba. Orodha halisi ilikuwa na kichwa chake kamili, “Wakulima waliopokea vocha za pembejeo,” kwa wino wa bluu. Aliyekifunika alijulikana na hatua zikachukuliwa, na sitamtaja hapa. Baraza la madiwani halikulikataa ombi. Liliamua lirudishwe kijijini ukaitishwe mkutano mkuu wa kweli, mbele ya maofisa wa halmashauri.

Nilitumwa kuandika muhtasari wa mkutano huo, na ninakiri kwamba moyoni nilikuwa nikiomba wakatae. Watu walijaa uwanja wa ofisi ya kijiji, wazee wakisalimiana kwa “kamwene” huku wamejifunika makoti kwa baridi, na vijana wa bodaboda wakaja kwa makumi, wakaegesha pikipiki zao kando ya milingoti, yaani mikaratusi. Kijana mmoja alieleza jinsi mwenzake alivyogongwa na lori kwenye mteremko, usiku, wakishindana, na jinsi yeye mwenyewe alivyomshika kichwa hadi gari la polisi lilipofika. Hakuna aliyezungumza kwa muda baada yake. Ndipo mama yangu aliposimama, ingawa hakuwa na mazoea ya kusema mkutanoni.

“Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na uwanja,” alisema. “Kitinda mimba wangu yuko kwenye pikipiki. Usiku nikisikia lori likifunga breki huko barabarani, silali mpaka nimsikie akifungua mlango. Wapeni vijana mahali pa kukimbizana, lakini iwe kule juu kwenye milingoti. Kijito mkiache. Na ardhi tumpangishe, tusimpe.”

Mjadala uliendelea hadi saa tisa alasiri, lakini baada ya maneno hayo wengi walikuwa wakizunguka palepale. Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili waliokubali uwanja kwa masharti hayo walikuwa wengi kwa mbali, na mkono wa mama, wenye kovu lile, ulikuwa miongoni mwao. Nilikuwa nimepigania bonde lake kwa miezi miwili nikidhani ninajua anachokitaka, kumbe sikuwa nimemuuliza.

Kwa makubaliano ya mkutano, karatasi ya mahudhurio haikuzungushwa asubuhi bali mwishoni, baada ya uamuzi kusomwa kwa sauti. Mama alipofika mezani aliuweka mkono wake juu ya kidau cha wino, kisha akausitisha.

“Nisomee kwanza juu pameandikwa nini.”

Nilimsomea. Alibonyeza. Mama aliyekuwa nyuma yake naye akataka asomewe, na aliyemfuata vivyo hivyo, hata waliojua kusoma, na giza lilitukuta tungali na mstari mrefu, nikisoma maneno yale yale kwa mwanga wa taa ya pikipiki ambayo kijana mmoja alikuwa ameisogeza karibu na meza.

Miezi minne baadaye mwombaji aliandika barua ya kujiondoa, akieleza kwamba gharama za kusawazisha ardhi ya juu zingekuwa kubwa kuliko uwezo wake. Niliipiga muhuri wa kupokelewa, nikaifunga kwenye jalada juu ya orodha zote mbili, ile yenye tarakimu 3 na ile ya mkutano.