Kisutu cha vizibo

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye leso. Sisi vijana wa mtaa tulikuwa tumeamua kusimamisha sanamu ya mwanamke aliyejifunga leso, kwenye kiwanja kidogo kule Kibokoni, Mombasa, kwa takataka tulizookota ufuoni. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini chupa, vizibo na kandambili bahari ilizidi kututemea. Fundi ameshachomelea nondo, mwili umesimama, nasi bado twabishana leso iandikwe nini. Mmoja ataka fumbo, mwengine ataka nasaha za usafi, kama bango la afisi.

Shangazi yangu, aliyekuja tu kutuletea mahamri, ndiye aliyetukata maneno. "Mvisheni leso ya kisutu, wanangu. Changu cha harusi hakikuwa na jina, wala hakuna aliyeniuliza."

Basi nikatumwa Biashara Street, kwa Mali ya Abdulla, walio kwenye biashara ya leso tangu 1887, nikalitazame pindo vizuri. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nyekundu tulikuwa nayo tele, vizibo vya soda. Nyeupe tukakata mitungi ya sabuni. Nyeusi ilitutesa mpaka mtu akakumbuka tyubu kuukuu za tuktuk.

Kazi yenyewe haina raha. Unapasha msumari kwenye jiko la makaa, unatoboa kizibo pande mbili, unapitisha mshipi na kukifunga kwenye jicho la wavu wa kuvulia. Moshi wake hukwama kooni, hata ukiupa upepo mgongo.

Tulipomvisha, wavu ukasimama wima mithili ya bati. Shangazi akacheka, akavua leso yake ya begani, akajifunga mbele yetu polepole: ncha inapinduliwa hapa kifuani, na mikunjo yote yaanzia hapo. Tukafumua safu nzima nzima za vizibo, tukaacha wavu mtupu penye mikunjo. Nguo ikalala mwilini.

Sikudhani watu wangejali sana. Alama kubwa ya mji huu, yale Mapembe ya Moi Avenue, ni ya aluminiamu, na hakuna anayeuliza ndovu yuko wapi.

Jioni ile kina mama wakaizunguka sanamu. Mashaallah zikamiminika, kisha jirani yetu mmoja akashika kiuno.

"Na ya pili i wapi?"

Leso huuzwa doti, mbili mbili. Moja ya mwilini, moja ya kichwani. Yetu ilikuwa moja.

"Mwamtoa mtoto wa watu barabarani kichwa wazi?"

Fundi akaniangalia, nami nikamwangalia fundi. Asubuhi nilikuta gunia la vizibo mlangoni kwetu, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yameongezeka mengine. Vyekundu tu, bila shaka. Ya nyeusi ikabidi turudi tena kwa mafundi wa tuktuk, na safari hii walitaka pesa.