Nilivyotenganisha athari ya shaba na athari ya kivuli katika utelezi wa mawe ya mto Nyamwamba

Nilipokwenda Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili, swali langu lilikuwa moja: shaba inaufanya nini mwani unaoishi kwenye utelezi wa mawe ya mtoni? Utelezi huo ni utando wa viumbe wengi, yaani mwani, hasa diatomu (mwani wa seli moja wenye gamba la silika), pamoja na bakteria na kuvu, walioshikana ndani ya ute wanaoutoa wao wenyewe. Konokono na lava wa wadudu huula, na samaki huwala hao. Nilivutiwa nao kwa sababu maji ya kwenye chupa husimulia habari za saa yalipochotwa, ilhali utando hauhami, na hivyo hubeba habari za majuma mengi.

Mto Nyamwamba hushuka kutoka milima ya Rwenzori, ukapita kando ya mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, kisha ukaelekea Ziwa George. Mabaki hayo, yaani mwamba uliosagwa na kutupwa baada ya shaba kutolewa, ambayo wachimbaji wadogo wa kwetu Geita wangeyaita marudio, yana shaba, kobalti, nikeli na zinki, na mafuriko ya Mei 2013 yaliyamegua na kuyatawanya bondeni.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Nilisugua mawe kwa mswaki mtoni, upande wa juu kabla ya mgodi na upande wa chini baada yake, nikakamua kwa asetoni klorofili, rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa mwani, nikakuta mawe ya chini, yaliyo karibu na shaba, ndiyo ya kijani zaidi. Nilikaa siku kadhaa nikitafuta kosa katika vipimo, mpaka mzee mmoja aliyewahi kuajiriwa mgodini aliponiuliza ninachokitafuta. Nilipomweleza, akasema, "Mwanangu, kule juu miti imefunga anga, na huku chini jua linapiga kutwa nzima. Mawe yatafananaje?" Alikuwa sahihi kabisa. Zaidi ya hapo, maji machafu ya makazi huongeza fosforasi, na mwani ulioshiba fosforasi mara nyingi huvumilia metali vizuri zaidi.

Nikaanza upya kwa vigae vya udongo 24 visivyong'arishwa, vyote vikiwa chini ya neti nyeusi ya kitalu ili vipate mwanga unaokaribiana. Nusu niliviotesha utando juu ya mgodi kwa majuma manne na nusu chini yake, kisha nikahamisha sehemu ya kila kundi kwenda upande wa pili na kuacha vingine mahali pake, kwa kuwa bila hivyo vya kulinganisha nisingeweza kusema kama mabadiliko yameletwa na shaba au na majira. Usiku mmoja mto ulijaa ukachukua vigae sita, na tangu hapo nilivifunga kwa waya kwenye vyuma vilivyopigiliwa ndani ya changarawe.

Maabarani, kazi iliyonifundisha mengi ilikuwa kuosha kila sampuli kwa EDTA kabla ya kuiyeyusha kwa asidi ya nitriki. Dawa hiyo hubandua metali iliyonata nje ya seli, ikabaki ile iliyoingia ndani, ambayo ndiyo inayovuruga usanisinuru. Ute huikamata shaba nyingi kabla haijafika kwenye seli, jambo ambalo ni kinga kwa mwani lakini ni hatari kwa konokono, kwa maana anayekula utando humeza ute na seli pamoja.

Vigae vilivyoshushwa kwenye maji ya mgodi vilipoteza ukijani mwanzoni, lakini kufikia juma la tano klorofili yake ilikaribia ile ya vigae vilivyobaki juu. Ningeishia hapo ningeandika kwamba shaba haina madhara. Hadubini, kwa ukuzaji wa mara 1000, ilionyesha mambo mengine: diatomu kubwa, na zile zinazosimama juu ya vikonyo, zilikuwa zimepungua sana, na nafasi yake kuchukuliwa na Achnanthidium minutissimum, diatomu ndogo inayofahamika kwa kuvumilia metali. Baadhi ya magamba ya Fragilaria, diatomu za jenasi nyingine, yalikuwa yamepinda katikati kama upinde, ulemavu ambao metali zinajulikana kuusababisha. Kwa maoni yangu, anayepima afya ya mto kama huu kwa klorofili peke yake anapima wingi wa wakazi bila kujua wenyeji wamekwenda wapi.

Vigae vilivyopandishwa juu vilinisumbua hadi mwisho. Magamba yaliyopinda yaliendelea kuonekana kwa majuma, nikadhani mwani haujapona, kumbe gamba la silika hudumu hata seli ikiwa imekufa, na haidrojeni peroksaidi ninayosafishia sampuli huondoa kila dalili ya kutofautisha wafu na walio hai. Siku hizi, kabla ya kumwaga dawa hiyo, huweka tone la sampuli kando na kuhesabu kwanza seli ambazo bado zina klorofili ndani yake.