Kioo cha simu ni kioo kweli: ninavyorusha droni Paje saa sita mchana

Zima simu, ifunge kwenye rimoti, simama pale pale utakaporushia, kisha tazama kioo kikiwa cheusi. Ukiona fulana yako, uso wako, mawingu au bati la nyumba ya jirani, basi hivyo ndivyo vitakavyokaa juu ya picha droni ikiwa angani. Mimi huanza hapo kila siku ya kazi kabla sijagusa setingi yoyote. Wengi hulaumu simu kwamba haina mwanga wa kutosha, ilhali wanajitazama wenyewe.

Hesabu yake ni hii. Jua la mchana likipiga fulana nyeupe, fulana hiyo hung'aa kwa kadiri ya niti 25,000 (niti ni kipimo cha mng'ao). Kioo kitupu huakisi kama asilimia 4 ya kinachokielekea, kwa hiyo niti 1,000 zinarudi machoni mwako. Rimoti yenye kioo chake kama DJI RC 2 hutoa niti 700, na RC Pro hutoa 1,000. Yaani hata ukinunua ile ya bei kubwa, fulana yako inatoshana nayo. Vaa fulana nyeusi isiyong'aa na mwako huo hushuka hadi chini ya niti 100. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa nafuu hiyo kwa bei hiyo. Joto lipo, ndiyo, lakini utavumilia dakika ishirini na tano za batri moja. Kanzu nyeupe iache kwa Ijumaa.

Mtu atasema: rusha asubuhi au jioni, jua likiwa pole. Kwa picha za hoteli, sawa. Ukitaka mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji ndiyo yanayopanga saa, na maji ya bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Wakulima wako kazini wakati huo, vigingi na kamba vinaonekana, na mchanga mweupe unakupiga mwanga kutoka chini. Jua la utosini halikwepeki, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwa kuwa Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta na siku hizo jua hupita karibu wima juu ya kichwa.

Saa sita, kosa la kawaida ni kushika rimoti tumboni na simu imelala chali. Ikilala hivyo inaakisi mbingu nzima. Pandisha rimoti hadi kifuani, simamisha simu mpaka ikaribie wima, ili iakisi kifua chako cheusi badala ya mawingu. Saa 2 asubuhi pwani ya mashariki, ukitazama bahari, jua liko usoni mwako na mgongoni mwa simu. Kioo kimo kivulini, ila kifua chako kinawaka. Hapo rangi ya nguo ndiyo kila kitu. Saa 10 jioni mambo hugeuka, jua linatoka mgongoni na kukipiga kioo moja kwa moja. Sogea taratibu mpaka kivuli cha kichwa chako kiangukie simu. Kendwa, pwani inayotazama magharibi, geuza maelezo haya yote.

Kivuli cha mvinje ni bora kuliko mwavuli. Rusha nje kwenye uwazi, subiri setilaiti zitoshe na sehemu ya kurudia ijiandike, ndipo uingie chini ya mti. Usiweke shina kati ya rimoti na droni, na antena ziitazame droni kwa ubapa wake, si kwa ncha. Kibanda cha makuti nacho hufaa ukikaa ukingoni. Ukiingia ndani kabisa, jicho linabaki na uwanja unaowaka mbele na kioo kinaonekana hafifu zaidi. Jicho ni nusu ya tatizo hili. Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7 au 8 humsaidia mrushaji kuliko protekta yoyote.

Kibanda cha simu, yaani kifuniko cha kuikinga na jua, natengeneza mwenyewe, kwa sababu vingi vinavyouzwa ni vifupi, vina kitambaa kinachong'aa ndani, na havilingani na simu za leo. Natumia plastiki ya mabango ya matangazo, ile yenye mifereji katikati, unene wa milimita 3 au 4. Kwa simu ya inchi 6.5, paa ni sentimita 17 kwa 15. Mbavu mbili, kila moja urefu sentimita 15, kimo 8 upande wa simu na 10 upande wa uso. Chini hakuna kitu, maana vidole gumba vinahitaji nafasi. Viungo nafunga kwa tepu nyeusi ya kitambaa ili kijikunje na kuingia mkobani. Kina cha sentimita 15 si cha kubahatisha: ni maradufu ya kimo cha kioo, na kichwa chako kinaziba uwazi uliobaki. Nimejaribu 10; jua la saa 9 linaingia lote.

Ndani ndipo watu wanapoharibu. Rangi nyeusi ya kupaka, hata ile wanayosema haing'ai, mwanga ukiipitia kwa ubavu hung'aa kama lami iliyolowa. Gundisha mahameli nyeusi. Ukiikosa, nenda kwa fundi cherehani anayeshona mabuibui, umwombe vipande vilivyobaki vya kitambaa kizito kisicho na mng'ao; shika kipande juani ukiinamishe, kikimeremeta mwachie. Usitie karatasi ya aluminiamu popote, inaziba mawimbi ya rimoti. Na usifunge kwa sumaku: dira ya simu huchanganyikiwa, na mshale unaoonyesha unatazama wapi kwenye ramani huanza kudanganya. Velkro ya upana wa sentimita 2, vipande viwili, inatosha. Wakati wa kusi ongeza lastiki nyuma ya rimoti, la sivyo paa linageuka tanga. (Kusi hilohilo huleta kaiti za kuteleza majini Paje. Zile kamba huzioni kwenye kioo hata kiwe safi namna gani, kaa mbali.)

Acha uwazi wa sentimita 1 kati ya paa na mgongo wa simu. Simu iliyochemka hujipunguzia mwanga yenyewe, na hapo utavuta alama ya mwangaza mpaka mwisho bila kubadilika kitu. Apple wanaandika kwamba iPhone ifanye kazi hewa ikiwa kati ya nyuzi 0 na 35. Pwani yetu msimu wa kaskazi hugusa 32 kivulini, na kioo cheusi juani hupita 35 ndani ya dakika chache. Vua kava. Zima data. Rimoti inayochaji simu kupitia waya, izime hiyo chaji kama setingi ipo, maana kuchaji ni joto juu ya joto. Simu ikae kwenye mfuko kivulini mpaka dakika ya mwisho, isikae juu ya dashibodi. Wapo wanaoitia kwenye deli la barafu: ikitoka, unyevu wa hewa yetu unageuka matone ya maji juu ya kioo, pengine na ndani ya lenzi.

Kuhusu mwangaza wa kujirekebisha, ushauri wa "zima" si sahihi kwa kila simu. Nyingi za Samsung na iPhone mpya hutoa mwanga wao wa juu kabisa pale tu mwangaza wa kujirekebisha umewashwa na kihisi kinaona jua. Ukiizima unajinyima. Lakini ndani ya kibanda kihisi kiko kivulini, nayo simu hujififisha. Kwa hiyo: ukiwa huna kibanda, washa; ukiwa nacho, zima na uvute mpaka mwisho.

Miwani ya polaroidi hukata mng'ao wa maji na miamba ikaonekana vizuri, ila baadhi ya simu huonekana nyeusi tii kupitia kwayo. Ijaribu nyumbani: shika simu kwa ulalo utakaorushia, izungushe nyuzi 90. Ikizimika ulalo huo, tumia miwani ya kijivu ya kawaida. Protekta isiyong'aa mimi siipendi juani. Inatawanya mwanga, picha yote inakuwa kama ina ukungu. Chini ya mti ni nzuri. Jasho na mafuta ya kujipaka hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo futa kioo, kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi, maana chembe ya mchanga ikisuguliwa kavu inachora.

Baada ya yote hayo, usiamini macho yako kupima mwanga wa picha. Juani kila picha huonekana giza, mtu anaongeza, na mchanga wa Paje unaungua mweupe usiorudishika. Washa mistari ya pundamilia (huchorwa palipozidi mwanga) na histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ungali kivulini. Lenzi ya f/2.8, ISO 100, fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, mchana huhitaji kichungi cha ND64 (kioo cheusi cha lenzi cha kupunguza mwanga), na juu ya mchanga mtupu ND128. Mistari ikigusa mchanga, punguza mpaka itoweke.

Ikitokea huoni kitu kabisa, achia vijiti, droni itasimama hewani. Itafute kwa macho kwanza, au muulize mwenzako unayemweka pembeni aitazame muda wote. Kimo cha kurudi nyumbani nakiweka mita 40, kwa sababu mnazi mrefu hufika 30, na kitufe chake nakijua kwa kidole bila kutazama. Droni ikifika juu ya mkeka wa kutulia naiteremsha mwenyewe, macho yakiwa juu yake, simu nimeishusha.