Kabla ya Kugusa CSS, Uliza Modi

Kwa muda sasa nimekuwa nikihamisha kurasa za mfumo wa ndani wa ofisi, zilizoandikwa enzi za Internet Explorer, ili zifunguke sawasawa katika vivinjari vya leo. Kadiri ninavyoendelea, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la kwanza kuuliza si kanuni gani ya CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, imeharibika, bali ni kwa sheria za zama zipi kivinjari kinausoma ukurasa, kwa kuwa uamuzi huo hufanyika kabla ya kanuni yoyote kutumika.

Mwaka 2000, Internet Explorer 5 ya Mac ilianza kulitumia tamko la DOCTYPE, yaani mstari wa mwanzo wa faili ya ukurasa, kama kigezo: ukurasa wenye tamko linalokubalika ulichorwa kwa kufuata viwango rasmi vya wavuti, na usio nalo ulichorwa kwa mazoea ya vivinjari vilivyotangulia. Nauheshimu sana utaratibu huo, maana kurasa nyingi zilizokwisha kuwekwa mtandaoni hazikuwa na mtu wa kuzirekebisha, na bila huo zingevurugika siku viwango vilipoanza kufuatwa. Hadi leo Chrome, Firefox na Safari vinaitunza modi ya zamani, yaani uchoraji huo wa mazoea ya kale, na tabia zake zimeandikwa rasmi ili zifanane kila mahali.

Hata hivyo, modi ya zamani ya leo si ile ya Internet Explorer ya zamani, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Katika Internet Explorer 5 ya Windows, kisanduku cha upana wa pikseli 300 kilijumuisha ndani yake nafasi ya ndani na mpaka. Kwa hesabu ya viwango, kisanduku hichohicho, chenye nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande, hufikia pikseli 350, na ziada hiyo hutosha kuisukuma safu ya pili iangukie chini ya ya kwanza. Kuondoa DOCTYPE hakuirudishi hesabu ya kale katika Chrome. Kinachoirudisha ni kuandika box-sizing: border-box, jambo ambalo watengenezaji wengi hulifanya siku hizi hata katika tovuti mpya, kwa sababu hesabu hiyo ni rahisi zaidi kwa binadamu. Iliyokuwa kasoro imegeuka chaguo, mradi imetajwa wazi.

Tabia nyingine hupotea kimyakimya unapoongeza DOCTYPE. Modi ya zamani huukubali upana ulioandikwa 200 bila kizio, ilhali modi ya viwango huutupa bila kutoa onyo lolote ndani ya ukurasa. Majina ya klasi, yanayounganisha kanuni za CSS na sehemu za ukurasa, yaliyochanganya herufi kubwa na ndogo huacha kulingana, na majedwali, ambayo awali hayakurithi ukubwa wa maandishi kutoka kwa ukurasa, huanza kuurithi. Ndiyo maana siongezi DOCTYPE kwenye kurasa zote kwa mkupuo: naongeza kwa ukurasa mmoja, nasoma CSS yake yote, kisha naendelea. Ili kujua nilipo, naandika document.compatMode katika konsoli ya kivinjari, sehemu ya kuandikia amri: jibu likiwa BackCompat niko katika modi ya zamani, na likiwa CSS1Compat niko katika viwango au karibu navyo sana.

Internet Explorer 8, iliyotoka mwaka 2009, iliongeza tabaka jingine. Kwa chaguo-msingi, tovuti za mtandao wa ndani zilifunguliwa kwa mwonekano wa uoanifu, yaani kwa tabia za toleo la 7, hata kama DOCTYPE ilikuwa sahihi. Aliyetaka vinginevyo ilimbidi aseme kwa X-UA-Compatible, agizo la kuchagua toleo ambalo kivinjari kifuate, ama katika kichwa cha jibu la seva ama katika tagi ya meta, na vyote viwili vilipokuwapo, tagi ya meta ndiyo iliyoshinda. Katika kurasa ninazozihamisha, seva inaomba IE=edge, yaani modi mpya kabisa iliyopo, huku tagi zikiomba toleo la 7, na ni hizo tagi zinazoeleza kwa nini CSS iliandikwa jinsi ilivyoandikwa. Kwa hiyo nazisoma kwanza kama kumbukumbu, ndipo nazifuta.

Internet Explorer 11 ya kompyuta nyingi za Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 15 Juni 2022, lakini injini yake ingali ndani ya Microsoft Edge kama modi ya IE, ambayo Microsoft imeahidi kuihudumia walau hadi mwaka 2029. Tovuti huingizwa humo kupitia faili ya orodha ya XML inayosimamiwa na ofisi, na kila anwani yaweza kupangiwa modi yake. Ukurasa wa ripoti unaotegemea ActiveX, teknolojia ya zamani ya Microsoft ya kuendesha programu ndani ya ukurasa, hauna njia nyingine kwa sasa, kwa hiyo nimeuacha katika orodha hiyo, na karibu na anwani yake nimeandika sababu, jina la idara inayouhitaji, na mwaka 2029.