Uniti sita na nusu kwa mwezi

Januari 2024 mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto, na wiki hiyo hiyo ndiyo niliyopanga kufunga seva, yaani kompyuta ya kutunza na kugawa mafaili ya familia, nyumbani kwa Mama, Morogoro. Mdogo wangu hakunielewa. Kwake yeye, kompyuta ya kuwaka usiku na mchana ilikuwa ni mzigo kwenye nyumba inayokatiwa umeme hovyo. Mimi niliona nyumba kama hiyo ndiyo inayohitaji vitu vyake viwe ndani, visitegemee bando wala mnara wa simu.

Na vitu vyenyewe vilikuwepo. Picha za marehemu Baba zilikuwa zimetawanyika kwenye simu nne, moja wapo kioo kimepasuka. Dada alikuwa akiweka hesabu za duka lake kwenye laptop moja tu, bila nakala popote. Watoto wake wako sekondari, na kila swali la kazi ya nyumbani lilikuwa likianza na "Mjomba, nirushie bando." Mama alitaka nyimbo zake za kwaya.

Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme, alileta kompyuta ya mezani, ile ya kasha kubwa, iliyobaki kwa mteja wake. "Kaka, hii hapa ya bure, ya nini kununua nyingine?" Nilikuwa nimekuja na kile kipima umeme cha kuchomeka ukutani. Tukaiwasha, tukaiacha itulie bila mtu kuigusa. Kipimo kikasimama kwenye wati 70.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Wati 70 kwa saa 24, kwa siku 30, ni uniti 50 na ushee. LUKU ya Mama, yaani mita yake ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo: uniti 75 za mwezi alikuwa akizinunua kwa shilingi 122 hivi kila moja pamoja na kodi, na akizidisha hapo bei ilikuwa ikiruka mara tatu na zaidi. Maana yake lile kasha la bure lingemeza theluthi mbili ya haki yake ya mwezi. Mama alikuwa akichambua mchele pembeni, akainua uso. "Uniti zangu hamsini? Kwa kitu kilichokaa tu?"

Alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Seva ya nyumbani muda wake mwingi haina kazi. Inasubiri mtu afungue picha, inasubiri simu irudi nyumbani ipakie mafaili. Wanunuzi wengi wanauliza ina GB ngapi na kasi gani, lakini bili inaandikwa na zile saa ambazo haifanyi chochote. Ukitaka kujua kama seva ni ya bei nafuu, ipime ikiwa imetulia.

Nikaenda Kariakoo. Nilijua ninachotafuta: zile kompyuta ndogo za maofisini zinazoletwa mtumba kutoka nje, unene wake kama wa kitabu. Nilichagua HP EliteDesk 800 G2 Mini, prosesa i5-6500T. Hiyo herufi T mwishoni ndiyo iliyonipeleka dukani, kwa sababu ni toleo la wati 35 prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote, wakati 6500 isiyo na T ni ya wati 65. Muuzaji alinisihi nichukue kasha kubwa kwa pesa ile ile, akiamini ananisaidia. Kabla sijalipa niliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, kuhakikisha haina nenosiri la kampuni iliyoitumia mwanzo, nikakagua na adapta kama ni yake halisi. Tuliafikiana shilingi 320,000.

Nyumbani niliweka mfumo endeshi wa Debian 12, bila hata skrini ya picha, naiongoza kwa amri kutoka laptop yangu. Syncthing ya kuvuta picha kutoka kwenye simu, Samba kwa mafaili ya Dada, Jellyfin kwa kwaya na filamu, na Kiwix, ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kwa ajili ya watoto. Wikipedia ya Kiswahili nilikuwa nimeipakua Dar kwa faiba, pamoja na ya Kiingereza isiyo na picha, maana ile yenye picha inazidi GB 100. Nakala ya kila usiku inaenda kwenye diski ya nje ya inchi 2.5.

Nilipoipima mara ya kwanza ilikuwa inakula wati 13. Nikaendesha powertop, programu inayoruhusu prosesa na vifaa vingine vipumzike kweli pale pasipo na kazi, ikashuka hadi 9. Hizo ni uniti sita na nusu kwa mwezi. Mdogo wangu alikichomoa kipimo akakichomeka upya, akakitazama tena, kisha akatoka kwenda kuleta betri ya sola iliyokuwa ikiwasha taa za uani. Volti 12, ampea-saa (Ah) 100. Alinifafanulia kwamba betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo tuna kama wati-saa 600. Seva na ruta pamoja ni wati 17. Hata ukitoa kinacholiwa na inveta yenyewe, inakaribia siku nzima.

Jambo moja naliona muhimu kuliko programu zote hizo, na ni mstari mmoja tu ndani ya BIOS: umeme ukikatika na kurudi, mashine ijiwashe yenyewe. Bila hilo, Mama angelazimika kutafuta kitufe kila mara betri ikiisha. Tuliijaribu papo hapo. Mdogo wangu akakata kila kitu, tukahesabu kidogo, akarudisha. Taa ndogo ya mbele ikawaka. Dada akashika simu yake, na picha ya Baba akiwa amevaa koti la harusi yao ikafunguka.

Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huo nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini. Jioni mpwa wangu mkubwa akanipigia. Nilidhani ni bando. Hapana, walikuwa wanasoma kwenye Kiwix kama kawaida, na majirani wawili wamekuja na simu zao. Alichotaka kujua ni kama diski bado ina nafasi, kwa sababu mwenzake amemwambia kuna majaribio ya fizikia ya PhET, ya kufanyia kwenye skrini, yanayoweza kuwekwa humo, na maabara ya shule yao haina vifaa vya umeme vya kutosha. Nikamwambia nafasi ipo. Akaanza kunitajia mada anazozitaka, akianzia na sakiti.