Matope ya Lützerath

Tarehe 14 Januari 2023 nilitembea kutoka kijiji cha Keyenberg kwenda Lützerath, magharibi mwa Ujerumani, katikati ya umati ambao polisi waliukadiria kuwa watu 15,000 na waandalizi wakasema 35,000. Mvua ilikuwa ya ubavu, upepo unararua mabango, na mashamba yote yamekuwa matope ya kumeza buti. Lützerath kilikuwa kijiji cha mwisho katika foleni ya kubomolewa ili mgodi wa makaa wa Garzweiler upanuke. Siku tatu kabla, polisi walikuwa wameanza kuwaondoa vijana waliojenga vibanda juu ya miti.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nimezaliwa Lamu, na kwa miaka kadhaa kwetu gumzo la barazani lilikuwa moja: mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Wavuvi waliuliza maji ya moto yatakayotoka mtamboni yatamwagwa wapi, na majivu yatalala wapi. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta kibali kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulifurahi sana. Lakini makaa yenyewe nilikuwa nayajua kwa makaratasi tu; shimo yanakotoka sikuwahi kuliona.

Siku ile nililiona. Ardhi ilikatika ghafla mbele yetu, na chini kulikuwa na ngazi za udongo wa manjano na kijivu, pana kiasi kwamba ng'ambo ilipotelea mvuani. Mji wote wa kale wa Amu, kutoka Mkomani hadi Langoni, ungezama humo na nafasi ikabaki. Karibu na ukingo ilisimama mashine ya kuchimbua yenye gurudumu la ndoo, kubwa kuliko jengo lolote la kwetu. Makaa ya pale ni ya kahawia, laini, yenye maji mengi, na huo ndio ubaya wake: lazima uchome mengi kupata umeme ule ule. Vijiji vilivyoliwa ni vingi. Immerath kilikuwa na kanisa la minara miwili. Lilivunjwa Januari 2018.

Niliyeandamana naye alikuwa dada mmoja wa Likasi, Kongo, tuliyefahamiana kazini. Mbele yetu alitembea mama wa Kijerumani, mtu mzima wa umri wa bibi yangu, mwenye beji ya manjano yenye jua jekundu linalocheka na maneno "Nyuklia? Hapana, asante." Alikuwa mkarimu, alitugawia chai ya chupa yake. Nikamwuliza, kwa heshima yote, kwa nini amevaa beji ile mahali pale.

Nilijua ninachotaka kusema kwa sababu kilikuwa kinaniuma. Mwaka 2011 Ujerumani ilikuwa na vinu vya nyuklia 17. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, ikazima vinane kwa mkupuo, vingine vikafuata, na siku tuliyokuwa tukitembea vilibaki vitatu: Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2. Hivyo navyo vilikuwa vimepewa tarehe ya mwisho, 15 Aprili. Wakati huo huo, mapatano ya serikali na kampuni ya mgodi, yaliyokihukumu kijiji cha Lützerath, yalirefusha maisha ya vinu viwili vya makaa huko Neurath hadi Machi 2024. Makubaliano hayo yaliahidi pia kwamba makaa ya eneo lile yatakoma 2030, miaka minane kabla ya mpango wa awali, na hilo nalithamini. Ila kinachoua kingetangulia kufungwa.

Nikamwambia: mama, wanasayansi wa jopo la kimataifa la tabianchi walikadiria kwamba uniti moja ya umeme wa makaa, ukihesabu tangu uchimbaji na ujenzi, hutoa takriban gramu 820 za hewa ya ukaa. Ya nyuklia hutoa 12, sawa na upepo. Na moshi wa makaa hauui kwa ajali inayotangazwa redioni. Unaua kimya, kwa vifua na mioyo, kila mwaka, bila kitu kuharibika mtamboni.

Hakunibishia gramu. Alinitajia Asse. Katika mgodi huo wa zamani wa chumvi, Saksonia ya Chini, mapipa takriban 126,000 ya taka za mionzi yalitupwa kati ya 1967 na 1978, na sasa maji yanapenya ndani. "Walituambia pakavu," alisema. Kisha akaeleza machipuko ya 1986, moshi wa mtambo wa nyuklia uliolipuka Chernobyl ulipofika kwao na akina mama wakakatazwa kuwapa watoto maziwa mabichi na kuwaacha wacheze mchangani. Nilimsikiliza. Mtu aliyedanganywa namna hiyo ana haki ya kuuliza kila pipa liko wapi. Nilimjibu tu kwamba taka za nyuklia angalau zinaweza kuhesabiwa kwa pipa na kudaiwa kwa jina la mwenye nazo. Za makaa tulikuwa tunazivuta pale pale, zebaki yake ikiwemo, na hakuna atakayezirudisha.

Tulipoachana naye, dada wa Likasi, aliyekuwa kimya muda wote, akaniambia: "Mudogo wangu, unasema safi. Safi kwa nani? Babu yangu alitumikaka Shinkolobwe."

Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na kwao, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani, madini ya nyuklia, ya bomu la Hiroshima. Wakongo waliichimba bila kinga, na bila kuambiwa wanachochimba. Katika hesabu yangu yote barabarani sikuwa nimewataja. Nilimwambia hoja yake haiyaokoi makaa, maana nayo yana wachimbaji wake, tena wengi zaidi, kwa kuwa kwa umeme ule ule lazima uchimbe tani maelfu kwa maelfu. Akasema anajua, yeye anataka wahesabiwe wote, wa kule na wa huku. Nikakubali, na bado nakubali.

Ndani ya treni kutoka Erkelenz, suruali zetu zimekauka matope hadi magotini, aliniuliza kama ningeutaka mtambo wa nyuklia Uyombo, kule Kilifi, ambako serikali yetu ilikuwa ikipatazama wakati huo. Nikamwambia waulizwe kwanza watu wa Uyombo, kama tulivyodai sisi kuulizwa kuhusu Kwasasi. Kenya umeme wake mwingi unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito na upepo. Hatuna mtambo wa makaa wa kuuzima. Ujerumani inayo, na ilikuwa na vinu vitatu vizima vya nyuklia mkononi. Hapo ndipo nilipotaka visizimwe. Miezi mitatu baadaye vikazimwa, na Neurath ikaendelea kuchoma.