Mwanza mpaka Wete na Noah yetu

Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya lile daraja la Kigongo-Busisi, saivi linaitwa daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, na lilipozinduliwa Juni 2025 kila mtu alijua mikataba haina umri tena, wakaanza kuondoka mafundi wa zege, wakafuata madereva, mwisho ikafika zamu ya watu wa stoo ambako ndiko alikokuwa yeye. Kazi nyengine alikuwa keshapata, Muscat, lakini viza ilikuwa bado, kwaio tukawa na ule muda wa katikati ambao mtu huna kazi na wala huwezi kusema huna kazi. Kodi ya nyumba Mwanza nayo inakaribia kuisha. Nikamwambia turudi Pemba, na turudi kwa gari.

Akacheka kwanza. "Yaani nibebe friji mpaka Wete?"

"Hubebi wewe, itabeba Noah."

Yeye alitaka tuuze vitu vyote tupande basi mpaka Dar halafu boti kama watu wengine. Tukajaribu kutangaza. Jamani mtu anaehama akitangaza vitu, bei anapanga mnunuzi, wanajua una tarehe. Friji dogo zima kabisa wanataka kukupa hela ya kununulia viatu, na cherehani yangu ambayo ndio riziki yangu mtu ananambia "dada niachie tu". Nikachukua daftari nikapiga hesabu: Mwanza mpaka Tanga kwa njia ya Singida na Arusha ni kilomita 1,200 na kitu, Noah yetu inakwenda kama kilomita 10 kwa lita ikiwa na mzigo, petroli lita wakati ule ilikuwa kama elfu 3, kwaio mafuta hayafiki laki nne. Nauli ya gari kwenye meli na yetu wenyewe ndo unaongeza juu yake. Hata ukiongeza malazi bado ni chini ya kununua friji na cherehani upya Pemba. Akaitazama ile daftari, akaitazama tena, akanyamaza. Kwa mume wangu kunyamaza ni kukubali.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni kuipanga safari kwa kuanzia mwisho. Meli zinazobeba gari haziendi Pemba kila siku, na ratiba hubadilika, kwaio kabla hata ya kufunga boksi la kwanza nlimpigia shemeji yangu yuko Tanga aende bandarini akaulize kwa mdomo, siku gani meli ya gari, nafasi inawekwa vipi, tufike saa ngapi. Tukishajua siku ya meli tukarudi nyuma: lazima tuwe Tanga siku moja kabla, kwaio Arusha siku fulani, Singida siku fulani, na katikati tukaacha nafasi ya dharura. Ile nafasi ya dharura mie kimoyomoyo nlikuwa nshaipangia kazi, nitasema huko mbele.

Gari ilikwenda kwa fundi ikabadilishwa oili na breki pedi, rejeta ikasafishwa, tairi la spea likajazwa upepo, maana wengi wanatembea na spea iliyolala. Siti za nyuma tukazing'oa. Vizito chini, cherehani nimeifunga na magodoro, friji limesimama wima nyuma ya siti ya dereva, na kama huna nafasi ya kulisimamisha basi ukifika liache limesimama masaa kadhaa kabla hujaliwasha. Na niliandika orodha ya kila kitu kilichomo, mpaka masufuria. Mume wangu aliniona nna wazimu na ile orodha.

Tulitoka baada ya alfajiri. Mpango wa kuendesha: yeye asubuhi, mie mchana, kwa sababu mume wangu akishakula chakula cha mchana macho yanakuwa mazito na huwa anakataa kwamba yamekuwa mazito. Na jua likizama gari inasimama, hatuna mjadala. Siku hizi mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, ukichanganya na malori yasiyo na taa za nyuma na ng'ombe wanaolala kwenye lami iliyo moto, hapana, mie na kifo changu tusikutane barabarani. Kwa sala ilikuwa rahisi, msafiri anapunguza na kukusanya, tunasimama mara moja tunasali adhuhuri na alasiri pamoja, sheli nyingi za njia kuu zina kijisehemu cha kusalia na maji yapo.

Shinyanga, Nzega, Igunga zilipita tu, tambarare mpaka unasinzia. Ukishavuka bonde la Wembere na Shelui ndio unakutana na mlima Sekenke, kona juu ya kona na malori yanapanda kwa mwendo wa kobe, hapo usimlazimishe dereva wako aovateki, kaa nyuma tu utie gia ndogo uvute subira. Singida tulilala. Upepo wa pale! Na kuku wa kienyeji wa Singida sifa zake ni za kweli, ila tuliuliza kwanza kachinja nani. Tulichukua madumu ya mafuta ya alizeti, maana ukipita Singida bila alizeti nyumbani watakuuliza ulipita njia gani.

Kutoka Singida watu wengi wangekata kwenda Dodoma, sie tukashika ya Babati. Katesh unapita chini ya mlima Hanang, ndio pale palipoporomoka matope Desemba 2023, na kwa kweli ukiutazama ule mlima ulivyoinamia mji unaelewa. Tukasoma fatiha tukapita. Mbele ya Babati ndio Magugu, na hapo ndio nlisema simameni. Mchele wa Magugu una harufu ambayo ukiupika mtaa wa pili wanajua. Nikataka nusu gunia. Mume wangu anasema gari imejaa. Nikamwambia toa begi lako la nguo uliweke miguuni. Akaliweka miguuni mpaka Tanga, alinuna mpaka Makuyuni tu.

Njiani humo pia tulipigwa tochi. Sitasema wapi. Vibao vya 50 kwenye vijiji vinakuja ghafla na yeye alikuwa anasimulia habari za stoo, faini ni elfu 30 kwa kosa, akalipa akapewa risiti yake na stori ya stoo ikaishia hapo hapo. Madereva wa bara wana uungwana mmoja, wakikuwashia taa mbele ujue trafiki yupo, basi ukiwashiwa usijiulize.

Kitu kimoja niligundua: petroli inashuka bei kadiri unavyoelekea pwani, kwa sababu bei kikomo za EWURA, wale wa serikali wanaopanga bei za mafuta, zinahesabu na usafiri wa kutoka bandarini. Kwaio tangi Mwanza tulijaza la kutufikisha Singida tukiwa na akiba, tukaongeza za kutosha kufika Arusha, na kujaza kwenyewe tukajazia Tanga.

Arusha tulilala kwa jamaa, baridi ya mwezi wa nane ile usiombe. Kilimanjaro wala hatukuuona, ulijifunika mawingu kuanzia Boma mpaka Himo. Same nikanunua tangawizi mbichi fungu zima, mume wangu hajui ya nini.

Sasa ile nafasi ya dharura. Dharura haikutokea alhamdulillah, kwaio tulipofika Mombo nikamwambia kata kushoto. Wapi? Lushoto. Miaka yote tuliyokaa bara sie tumejua njia ya kazini na njia ya sokoni, hatujapata kutembea hata siku moja kama wale wageni wanaokuja Pemba kutazama mashamba ya karafuu. Kilomita 33 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwengine, na sisi tuna friji. Mshale wa joto ukaanza kupanda, tukazima AC tukafungua vioo, tukasimama Soni karibu na maporomoko mpaka gari ikapoa. Akawa anauma meno. Lakini kesho yake asubuhi tulipokwenda Irente, ile kingo ya mwamba, chini kabisa kule unaona barabara tuliyopita na tambarare ya Wamasai haina mwisho, nlimuona mume wangu amekaa chini kama mtoto wa skuli, akanambia "ningepanda basi nisingeijua hii." Nikamwambia rudia nikurekodi, akakataa. Tukateremka na gia ndogo, breki usizikanyage muda wote zitaungua, tukanunua matunda damu Mombo, machungwa Muheza, na magharibi tuko Tanga Ngamiani tunakunywa kahawa chungu kwa shemeji.

Bandarini ndio penye kazi. Gari ina tiketi yake na nyinyi mna zenu, bei inaangalia ukubwa wa gari, wanataka kadi ya gari, leseni, kitambulisho, bima. Wakauliza mna nini humo, nikatoa orodha yangu. Yule kijana akaisoma mpaka kwenye masufuria, akafungua maboksi mawili matatu, akauliza madumu ya alizeti ni ya biashara? Nikamwambia ni ya mkwe wangu. Akacheka akatupisha. Waliokuwa mbele yetu hawana orodha waliteremshwa mzigo wote, na mume wangu aliona, sikuhitaji kusema kitu. Namba za gari nazo zina habari yake, kwa sababu bara na Zanzibar kila upande una usajili wake, hilo uliza mapema usisubiri ufike.

Gari ikaingizwa kinyumenyume, handibreki, gia, wakaifunga minyororo, na abiria hamruhusiwi kubaki nayo chini. Sasa kusi la mwezi wa nane mkondo wa Pemba mnalijua. Na Mpemba yeyote wa umri wangu akikanyaga meli lazima akili ipite Septemba 2011, Spice Islander, ile meli iliyozama ikija Pemba, hakuna mtaa Pemba ambao haukulia mwaka ule. Mama alikuwa anapiga simu mpaka mtandao ukakata. Nikatoa tangawizi yangu ya Same, nikamenya vipande, kila mtu anatafuna na chumvi kidogo, mume wangu hakutapika, mabibi wawili waliokaa karibu yetu nao niliwagaia mpaka fungu likaisha.

Mkoani tumeshuka mchana. Kutoka pale mpaka Chake, Chake mpaka Wete, pembeni ya njia mikeka ya karafuu imeanikwa na ile harufu inaingia mpaka kwenye magodoro. Mume wangu alitaka kuendesha mwenyewe aonekane na watu wake, nikamwachia, ingawa ilikuwa zamu yangu.

Ule mchele ulikuwa na fitina. Mkwe wangu alipika siku ya kwanza kwa kuja kutupokea, majirani wakaonja, kesho yake kila anaekuja kutusalimia anakuja na kibakuli. Siku ya tatu gunia likahamia chumbani kwake chini ya kitanda.

Viza imetoka, mume wangu keshakwenda Muscat. Cherehani iko barazani na kazi za sare za skuli nazipata, Noah naendesha mie, asubuhi nawapeleka watoto wa mtaa skuli kwa hela kidogo ya mafuta, na jana kanipigia simu ananiuliza kama nimebadilisha oili. Nilikuwa nshabadilisha.